Lebo Nilizochoma Kwenye Jiko la Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilitumwa kuleta mavi ya punda. Nalisema wazi mapema ili wajukuu wangu, na vijana wengine mtakaosoma haya, msije mkadhani sayansi ilianza kwa koti jeupe na kompyuta. Mama yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba Nyambura ameajiriwa kwenye maabara ya utafiti huko Nyeri. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa dada yangu. Mkuu wa Maabara, mwanamume mrefu aliyevaa tai na gambuti kwa wakati mmoja, alivitazama vile viatu kwa huruma.

"Hivyo vitaumia," akasema. "Shika hiki kikapu. Shuka Majengo, mwulize Mzee Salim akupe mavi ya punda ya wiki iliyopita, yaliyonyeshewa. Ya leo usilete. Ya leo hayana kitu."

Nilidhani ananitania. Nikasubiri acheke, hakucheka. Basi nikashika njia.

Mzee Salim alikuwa na punda wanne waliobeba maji na mizigo pale mjini. Alinikuta nimesimama mlangoni pa banda na kikapu changu, nimeshindwa hata nianzie wapi.

"Binti, wazazi wako wanajua ulichotumwa?"

"Hawajui, Mzee."

"Basi usiwaambie leo. Waache wafurahi kwanza."

Akanipeleka nyuma ya banda kwenye lundo la zamani. Hapo ndipo nilipouona kwa mara ya kwanza, uyoga mdogo wa kijivu, kofia yake bado imefunga, imefunikwa manyoya meupe kama kifaranga aliyeanguliwa asubuhi hiyo. Nikaushika shingoni niung'oe.

"La, la, la!" Mzee Salim akapaza sauti. "Huo una mzizi mrefu ndani. Mkubwa wako huuchimba kwa kijiko cha chai. Ukikatika atakurudisha hapa hapa, na mimi nitakucheka mara ya pili."

Nikachimba kwa kijiko chake, nimepiga magoti, blauzi nyeupe na yote. Ulitoka mzima.

Mkuu aliupokea kwa mikono miwili. Siku hiyo alinieleza jambo ambalo nimelieleza kwa watu wengi tangu hapo. Wanasayansi hawawezi kuchunguza kila kiumbe duniani, kwa hiyo hukubaliana juu ya vichache vya mfano, wakavisoma kwa undani, wakapata kuelewa na vingine. Uyoga huu wa mavi ni mmoja wao. Hukua kwenye sahani ya maabara, na kwa wiki mbili hivi huwa umemaliza maisha yake yote. Tena seli zake za uzazi hugawanyika zote kwa pamoja, saa ile ile, na ukiwahi kuzitazama unaona kila hatua. Ndiyo maana watu wa mbali, ambao hawajawahi kumwona Mzee Salim wala punda wake, walikuwa wakiuchunguza uyoga ule ule mchana kutwa.

"Lakini lazima tujue ni uleule," Mkuu akasema. "Hapo ndipo kazi yetu ilipo, Nyambura. Jina."

Akaupasua kwa wembe, kutoka kofia hadi mzizi. Nusu moja akaiweka kwenye kikaushio, ikauke itiwe kwenye pakiti ya karatasi, iwe kielelezo. Nusu ya pili akailaza kwenye kisahani cha kioo, idondoshe spora, yaani zile mbegu zake nyeusi ndogo kuliko vumbi. Kutokana na hizo ndipo angeotesha mbegu hai ya maabara.

Kesho yake nikafika mapema, nikafunua kisahani, na moyo ukanipasuka. Uyoga haukuwepo. Palikuwa na maji meusi tu. Nikajua kazi imekwisha siku ya pili, na nitamwambia nini mama. Nikaanza kulia palepale. Mkuu akaingia, akanikuta hivyo.

"Haiya! Nani amekufa?"

"Uyoga, Mkuu. Umeyeyuka. Sikuugusa, aki."

Alicheka mpaka akashika meza. Kumbe ndiyo tabia yake. Ukishafunguka, kofia hujiyeyusha yenyewe na kumwaga spora, na kabla ya saa sita mchana huwa wino. Mkuu akachukua tone kwa ajili ya kuotesha, akatia katika yaliyobaki mafuta ya karafuu kidogo yasioze, akachovya kalamu ya nibu, akaniandikia kadi: NYAMBURA, kwa herufi kubwa, nzuri kabisa. "Bandika kwenye koti lako," akasema. "Sasa wewe ni mtu wa hapa." Niliibandika mpaka koti lilipochakaa, kisha nikaiweka ndani ya Biblia yangu.

Sasa nieleze habari ya majina, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Kwa miaka mingi maabara nyingi za dunia ziliuita uyoga huu Coprinus lagopus. Lagopus maana yake mguu wa sungura, kwa ajili ya yale manyoya. Yalikuwa makosa. Lagopus wa kweli ni ndugu yake anayeota msituni, juu ya majani na vijiti vinavyooza, naye hana mzizi. Huu wetu wa mavi ni cinereus, yaani wa rangi ya majivu. Ukivitazama kwa haraka vyote vina kofia ya kijivu yenye manyoya, na vyote huyeyuka. Wataalamu wakubwa waliteleza hapo, tena wakachapisha.

Mkuu alikuwa na kabati la pakiti arobaini hivi za uyoga wa jamii hiyo, na nyingi ziliandikwa lagopus kwa mazoea ya zamani. Sheria yake ilikuwa moja, na aliitamka kila Jumatatu kama sala. Lebo haitolewi. Jina likibadilika, unabandika karatasi ndogo chini ya ile ya kwanza, unaandika jina jipya na aliyetambua, kwa penseli au wino mweusi wa chupa. Biro ilikuwa mwiko, kwa kuwa hufifia. Mimi niliona ni uchafu mtupu. Pakiti nyingine zilikuwa na vikaratasi vitano, kila kimoja kinakataa kilichotangulia.

Nilipotimiza mwaka na ushee, ukaja waraka kutoka makao makuu kwamba vielelezo vya maabara vilivyoitwa lagopus vipitiwe upya na kuitwa cinereus. Mkuu alikuwa anakwenda likizo kwao Mukurweini, msimu wa kahawa. Akaniambia, "Usishike kabati. Tutapitia pamoja nikirudi." Lakini mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilikuwa na kiherehere. Nikataka arudi akute mshangao.

Akakuta mshangao kweli.

Niling'oa lebo zote arobaini. Nikaandika mpya, safi, zote cinereus. Nilinakili mahali na mwezi, lakini yale mambo ya "juu ya majani" na "juu ya mavi" niliyaacha, nikijiambia kwamba cinereus wote huota kwenye mavi, kwa nini nijisumbue. Zile nambari za Mkuu zilizorukaruka nikazitupa pia, nikapanga zangu, moja hadi arobaini. Lebo za zamani nikazisukuma kwenye jiko la kuchemshia chai. Ziliwaka vizuri, zilikuwa kavu.

Siku Mkuu aliporudi, nilifungua kabati kwa madaha. Alitoa pakiti moja, akaigeuza mbele na nyuma. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Za zamani ziko wapi?"

"Nilichoma, Mkuu."

Akavuta kiti, akakaa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifungua daftari lake la porini, ambalo lilikuwa na maelezo ya kila uyoga kwa nambari zile nilizotupa. Kwa siku nne tulilinganisha mahali na mwezi, pakiti moja baada ya nyingine. Tulizikomboa thelathini na saba. Tatu zilitushinda. Zote zilikusanywa Nyeri, wiki ile ile niliyoanza kazi. Mbili zilitoka msituni na moja, ile niliyoichimba mimi, kwa punda wa Mzee Salim. Na uyoga huu ukikauka huwa vipande vyeusi kama majani ya chai, huwezi kuvitofautisha. Tukapima spora kwa hadubini, vipimo vikakaribiana. Mkuu alikuwa na wazo lake kuhusu ile ya punda, lakini hakutaka kuandika wazo kama kwamba ni ukweli.

Mnaweza kuuliza, pakiti moja tu, kwani ni nini? Ile ilikuwa ushahidi. Mkuu alikuwa ameandika makala, kazi ya zaidi ya mwaka, kwamba mbegu hai yetu ya Nyeri ni cinereus halisi na inafaa kutumiwa duniani pamoja na zile za ng'ambo. Makala ilitaja kielelezo kwa nambari. Jarida likaomba kukiona. Mkuu angeweza kuchagua moja kati ya tatu akaituma, nani angejua? Hakufanya hivyo. Aliandika barua ya mistari mitatu akaiondoa makala yake mwenyewe. Masika yale yale umeme ukakatika siku nyingi, mbegu hai ikafia kwenye friji, na wachache waliokuwa na wivu wakaanza kusema kwamba huenda ilikuwa lagopus siku zote. Mimi ndiye niliyepeleka ile barua posta. Nilitembea nikiona haya hata kwa watu wasionijua.

Hakunifukuza kazi. Alinipa vikaratasi vitatu na penseli. "Andika," akasema. "Lebo ya asili iliondolewa na Nyambura. Kisha weka sahihi." Nikabandika kwenye pakiti zote tatu. Sikuwahi kuandika kwa mwandiko mbaya namna ile.

Baadaye nilihamishiwa Kangema kwenye chai, chini ya Ofisa wa Magonjwa ya Mimea, mtu mnene mwenye haraka. Siku ya kwanza aliniambia, "Hapa hatutaki Kilatini, madam. Wakulima wanataka dawa." Nikamjibu kwamba dawa bila jina ni kubahatisha. Kuna kuvu inayoozesha mizizi ya chai, na kuna nyingine inayofanana nayo ambayo hula tu mizizi iliyokwisha kufa. Ukikosea utang'oa mashina mazima bure. Alinuna mwezi mzima. Kisha akaanza kuniletea mizizi ndani ya gazeti kila asubuhi, na tukawa marafiki wazuri.

Mkuu alipostaafu niliitwa Nyeri kuwa Msimamizi wa Hebaria, yaani yale makabati ya vielelezo vilivyokaushwa. Wakati huo DNA ilikuwa imefika, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, nayo ikavuruga nyumba. Ilionekana kwamba uyoga mrefu wenye magamba, ule uliotangulia kubeba jina Coprinus, ni jamaa wa karibu wa uyoga mweupe wa kwenye supamaketi. Wengine wengi, pamoja na wetu wa majivu, hawana undugu huo. Ni kama shamba ambalo hati imeandikwa jina la kaka mmoja. Huyo kaka akihama anahama na hati, na waliobaki watafute jina lao. Wetu ukaitwa Coprinopsis cinerea. Wafanyakazi vijana wakaja mbio na makasi kusafisha makabati. Niliwapigia kelele ambazo nadhani zilisikika Mweiga. Hakuna lebo iliyotolewa siku hiyo, wala siku nyingine mpaka nikastaafu.

Leo nipo Mweiga na ng'ombe wangu watatu na viazi. Nimeridhika, siwadanganyi. Maziwa yanatoka, magoti yananisikia, na watoto hupiga simu. Kulikuwa na kijiwe kimoja tu moyoni, na nilishajizoeza kulala nacho.

Mwaka jana Daktari Makena, binti wa Meru anayeongoza hebaria siku hizi, alinipigia simu akaja nyumbani. Tukanywa chai. Alikuwa na zile pakiti tatu mkobani.

"Mama, nimezipima DNA," akasema. "Mbili ni lagopus. Moja ni cinerea safi kabisa."

"Basi hiyo ndiyo ya punda!"

"Mimi naamini hivyo. Lakini nikiandika, wataniuliza nimejuaje. Watasema huenda ya punda ni mojawapo ya zile mbili, na kwamba Mkuu wenu alikosea tangu mwanzo. Ningekuwa na kipande cha ile mbegu hai nilinganishe, hata spora chache. Siku hizi hata alama ya spora inatosha."

Nikaweka kikombe chini. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeuchukulia wino kuwa ni wino. Nikaenda chumbani, nikafungua Biblia, nikarudi na kadi.

"Hii iliandikwa kwa ile nusu ya pili, iliyozaa mbegu hai," nikamwambia. "Niliuchimba mimi mwenyewe kwa kijiko. Nusu iko ndani ya moja ya pakiti zako. Nusu ni hili jina langu."

Daktari Makena alisimama, akashika mkoba. Hatukumaliza chai. Tulikwenda Nyeri siku hiyo hiyo, akaiweka kadi chini ya hadubini, akanipisha kiti. Nilizungusha kifundo chake polepole kama zamani, na herufi zangu zikatawanyika kuwa spora, maelfu, nyeusi, kila moja kama punje ndogo ya maharagwe. Nililia tena mbele ya uyoga ule ule. Sikuona aibu.

"Nitalazimika kukata kipande, Mama," akasema kwa upole. "Herufi nzima."

Kadi ile sijawahi kumpa mtu hata aishike. Nikafikiri kidogo.

"Kata A ya mwisho," nikasema. "A niko nazo mbili."

Majibu yalichukua wiki tano. Nilikamua, nikapalilia, nikajifanya sina wasiwasi, na usiku nikawa naomba Mungu amhifadhi Mkuu kidogo tu, maana amekaribia miaka tisini. Daktari alipopiga simu hakusalimia. Alisema, "Ni ileile, Mama! Ile cinerea! Mkuu hakukosea!" Nilipiga kelele ng'ombe akapiga teke ndoo.

Tulimkuta Mkuu Mukurweini, kwenye veranda inayotazama migomba yake, amevaa tai. Lenzi ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Daktari Makena alimweleza polepole, kisha akarudia karibu na sikio, na akamwambia kwamba makala inaandikwa upya, jina lake likiwa mbele. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta.

"Nilijua," akasema. "Lakini sikuwa na njia ya kujua."

Akaomba pakiti, akaisoma kwa lenzi. Daktari akaona kile kikaratasi changu cha zamani, akasema kwa nia njema, "Mzee, hiki cha Mama tunaweza kukitoa sasa. Kosa limekwisha."

Mkuu akanigeukia. "Nyambura, unasemaje?"

Nitawaambia ukweli. Nilitaka kitoke. Nilikuwa nimekitaka kitoke tangu nikiwa msichana. Lakini mdomo ulijibu kabla yangu.

"Hatutoi, Mkuu. Tunabandika."

"Basi bandika."

Nikaandika kwa penseli, kwenye goti langu: Coprinopsis cinerea, juu ya mavi ya punda, Majengo, Nyeri. Nilipofika mahali pa aliyetambua, nikasita. Mkuu akagonga karatasi kwa kidole. "Weka jina lako. Wewe ndiye uliyeuchimba." Kwa hiyo pakiti ile sasa ina jina langu mara mbili.

Kisha akaomba kuiona kadi. Akapitisha kidole kwenye tundu palipokuwa na A, akanitazama, akatazama tundu tena. Akamwomba Daktari kipande cha karatasi na gundi, akakibandika nyuma. Halafu akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa biro ya buluu.

"Mkuu!" nikasema. "Biro? Wewe? Si itafifia!"

"Acha kelele, Nyambura. Hiyo si lebo."

Akaandika, ulimi umetoka kidogo pembeni kama mtoto wa nasari. Kadi imerudi ndani ya Biblia yangu. Herufi saba ni za wino wa uyoga, na moja ni ya biro, imepinda kidogo. Nimeitazama leo asubuhi kabla ya kukamua. Haijafifia.